Subaru yangu niivalishe rimu gani?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Niko Kisauni, naendesha Subaru Impreza WRX STI ya 2006 iliyotoka Uingereza. Rimu zake za kiwandani ni inchi 17 kwa 8, ofseti 53, na tairi ni 225/45R17. Nimepata seti ya rimu za mtindo wa TE37, zile za Rays wa Japani, inchi 18 kwa 9.5, ofseti 22. Muuzaji ananiambia nivalishe 225/40R18 zivutike kidogo, ndipo zitaingia ndani ya fenda. Rafiki yangu anasema niweke 265/35R18 la sivyo nisijisumbue. Napanda Nairobi mara moja au mbili kwa mwezi. Nani yuko sawa?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Hakuna aliye sawa, ingawa rafiki yako amekosea kidogo tu. Muuzaji ana rimu anayotaka kuitoa dukani, sasa anatafuta tairi la kuisitiri. Rafiki yako angalau anajua kwamba rimu pana hudai tairi pana. Lakini wote wawili wameanza na rimu, na mimi siku zote naanza na tairi. Tairi ndilo linaloshika lami, ndilo linalobeba gari, na ndilo litakalopasuka saa nane za usiku baada ya Mtito Andei. Rimu kazi yake ni kulishika tairi hilo mahali pake.

Tusome kwanza namba zako. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 maana yake urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya huo upana, yaani milimita 101 na kidogo. Inchi 17 ni milimita 431.8. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha milimita 634. Namba hiyo iandike mahali, maana spidomita, gia na breki za ABS za gari lako zote zilipangwa kwa kuifuata.

Sasa pima ulivyoshauriwa. 225/40R18 inatoka milimita 637, karibu sawa kabisa. 265/35R18 ni 643, imezidi kwa asilimia 1.3. Kwa kipenyo tu zote mbili zinapita. Utakutana pia na watu watakaokwambia saizi ya STI ni 245/40R18. Ni kweli, lakini ni saizi ya STI iliyofuata baada ya yako, ile yenye mlango wa nyuma mkubwa na fenda pana. Kwako wewe ni milimita 653, asilimia 3 zaidi. Spidomita ikionyesha 100 utakuwa unakwenda 103 ukilinganisha na ilivyokuwa kabla, gari litakuwa zito kidogo kuondoka, na sehemu ya juu ya tairi la mbele itasogelea kikalio cha springi kuliko ninavyopenda. Mafundi wengi hukubali mpaka asilimia 3. Kwa gari hili mimi sivuki 2.

Kwa hiyo ugomvi hauko kwenye kipenyo. Uko kwenye ile 9.5 na ile 22.

Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapokaa juu ya habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikipungua, linatoka nje. Rimu yako ya sasa ina upana wa milimita 203, nusu yake ni 101.6. Toa 53, unabaki na 48.6: ndiyo milimita ambazo ukingo wa nje umetokeza kutoka usoni mwa habu. Rimu ya 9.5 ni milimita 241, nusu yake 120.6. Toa 22, unapata 98.6. Tofauti ni milimita 50. Chukua rula uweke sentimita tano nje ya tairi lako la mbele, halafu utazame fenda iko wapi. Hata ungepata rimu hiyohiyo ya 9.5 kwa ofseti 38, ambayo wenye STI mpya hupenda sana, kwako bado ingetoka nje milimita 34 na kuingia ndani milimita 4 zaidi.

Ndiyo maana muuzaji anataka tairi la 225. Anajua tairi linaloifaa rimu hiyo haliingii, basi anataka kulivuta tairi jembamba liinamie ndani. Watengenezaji wa matairi wameweka mipaka: 225/40R18 huvalishwa rimu ya inchi 7.5 mpaka 9, basi. Kwenye 9.5 mdomo wa tairi unavutwa pembeni, ubavu unalala, na ukingo wa rimu unabaki wazi bila kinga. Ukiingia shimo moja lenye kingo kali, kama yale yanayobaki lami ikimeguka pembeni mwa barabara, chuma kinapokea pigo kabla ya mpira. Upepo ukipungua kidogo, tairi lililovutwa linaweza kuachia rimu. Nimeona watu wakizunguka nazo mjini miaka na hawapati lolote. Mjini unakwenda 40. Wewe unapita Voi ukiwa 110.

Ushauri wa rafiki yako una haki yake kwa upande wa tairi: 265/35R18 inataka rimu ya 9 mpaka 10.5, kwa hiyo 9.5 inaikaa vizuri. Ila sasa una tairi la upana wa sentimita 26 na nusu limetokeza sentimita tano nje ya pale lilipokuwa. Itabidi ukunje ukingo wa fenda kwa ndani, pengine ukate, uinamishe magurudumu, na bado ukipakia watu watatu nyuma utasikia kelele kwenye kila tuta. Na kukunja fenda Mombasa si sawa na kukunja Nairobi. Rangi inapasuka pale kwenye mkunjo, chumvi ya bahari inaingia, na baada ya misimu miwili fenda imeanza kuvimba kutu kutoka ndani ambako huoni. Ukilazimika kukunja, bati lipashwe moto kwanza, kisha lipakwe dawa ya kutu upande wa ndani siku ileile.

Kuna jambo lingine ambalo duka la rimu halitakwambia. Usukani wa gari lako ulipangwa gurudumu likae mahali fulani kulingana na mstari ambao gurudumu huzungukia linapokata kona. Ukilisogeza nje sentimita tano, kila kasoro ya barabara inapata mkono mrefu wa kuuvuta usukani. Na barabara yetu ya kwenda Nairobi unaijua: malori ya makontena yamechimba mifereji miwili kwenye lami, hasa pale yanapopanda mlima au yanapojipanga kuelekea mzani wa Mariakani. Tairi pana lililotokeza nje hufuata mifereji hiyo kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Utakuwa unapigana na usukani safari nzima. Beringi za habu nazo zitakwisha mapema.

Halafu mvua. Machi mpaka Mei, maji yakituama kwenye mifereji hiyohiyo, tairi pana huelea mapema kuliko jembamba, kwa sababu lina maji mengi ya kusukuma pembeni. Gari kuendeshwa na magurudumu yote manne hakusaidii kitu pale ambapo hakuna hata moja linalogusa lami.

Watu hudhani rimu kubwa ndiyo alama ya gari la mbio. Nenda Naivasha wakati wa Safari Rally uyatazame magari ya daraja la juu yakisimama huduma. Kwenye vumbi na mawe yanavaa rimu za inchi 15 zenye tairi la ubavu mrefu. Inchi 18 ni za mashindano ya lami. Wenye bajeti kuliko sisi sote, wakifika Kenya, wanapunguza rimu. Sikwambii uweke 15, hazipiti juu ya breki zako. Nakwambia tu kwamba ubavu wa tairi ni sehemu ya shokapu, na kila milimita unayoiondoa inalipwa na rimu, bushi na mgongo wako. Wewe sasa una ubavu wa milimita 101. Kwenye 265/35R18 unabaki na 93. Kwenye 235/35R19, ambayo najua kuna siku utaitamani, unabaki na 82.

Kabla sijakwambia ningeweka nini, nisimame kidogo kwenye hili, maana linaharibu magari mengi kuliko ofseti. STI yako inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na kati ya mbele na nyuma kuna difrensha, ile gia inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Matairi yakitofautiana mzingo, ile difrensha inazunguka bila kupumzika hata ukienda mbele moja kwa moja, inapata joto, mafuta yanaungua. Subaru wenyewe wanataka mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Sasa fanya hesabu. Tairi jipya lina kashata, ile mikato ya uso wake, zenye kina cha karibu milimita 8. Matatu yako yamefika nusu, yamebaki na 4. Moja linapasuka, unanunua jipya la saizi ileile kabisa. Tofauti ya milimita 4 kwenye nusu kipenyo ni kama milimita 25 kwenye mzingo. Umevuka kipimo mara nne, na kila namba iliyoandikwa ubavuni inafanana.

Kwa hiyo: matairi manne, kampuni moja, aina moja, yamenunuliwa pamoja. Kampuni mbili zikiandika 225/45R17, vipenyo halisi vinaweza kutofautiana milimita kadhaa. Yageuze mbele na nyuma mara kwa mara ili yaishe pamoja. Likipasuka moja yakiwa nusu, tafuta lililotumika la aina hiyohiyo lenye kina kinacholingana, au nunua manne. Na ule mtindo wa kuweka matairi mapana nyuma kuliko mbele waachie wenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma.

Hapo ndipo saizi inapogeuka kuwa suala la njiani. 225/45R17 ni saizi inayovaliwa na magari mengi ya kawaida, Golf, Audi A3, Mercedes C-Class. Mji wowote wenye duka la maana la matairi utaipata. 265/35R18 utaagiza Nairobi na kusubiri.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Rimu za kiwandani ningezibakisha, nivalishe 235/45R17 nzuri. Rimu ya inchi 8 iko ndani ya mipaka yake, ambayo ni 7.5 mpaka 9. Kipenyo kinapanda hadi 643, asilimia 1.4. Unaongeza milimita 10 za upana, ubavu unakuwa 106, na gari linapata mshiko zaidi na linapiga mashimo kwa upole zaidi. Pesa uliyotaka kununulia rimu ielekeze kwenye ubora wa tairi lenyewe. STI yenye matairi ya hali ya juu kwenye rimu za 17 itaiacha kwenye kona STI ileile yenye matairi ya bei poa kwenye 18.

Lakini najua hukuniandikia ili nikwambie ubaki ulivyo. Gari la kijana lazima lipendeze, na hilo nalo ni hitaji. Basi tafuta upana wa 8.5, ofseti kati ya 45 na 50. Kwa ofseti 48 ukingo wa nje unatoka milimita 11 tu kutoka ulipo sasa, na wa ndani unasogea kwa milimita moja na nusu hivi. Gari linajaza fenda, linasimama kiume, na hukati kitu. Ikiwa ya 17, vaa 235/45R17. Ukishikilia 18, vaa 235/40R18: kipenyo 645, asilimia 1.7, ubavu 94. Ndiyo mwisho wangu kwa barabara zetu. Ukichagua 17 za nje, hakikisha zinapita juu ya kalipa za breki zako za Brembo. Inchi pekee haitoshi, kwa sababu mikono ya rimu nyingine imejipinda kwa ndani na inagusa kalipa ijapokuwa za kiwandani, nazo 17, zinapita vizuri.

Mengine ya kukagua dukani niyaseme haraka. Mpangilio wa matundu ya gari lako ni 5x114.3. Impreza za kabla ya 2005 ni 5x100, na wauzaji huchanganya, kwa hiyo usinunue kwa kuambiwa «hizi ni za Subaru». Tundu la katikati la habu yako ni milimita 56.1. Rimu za Toyota za 5x114.3, kama za Mark X, zina tundu la 60.1, zitaingia, lakini zitabaki zinaning'inia kwenye nati peke yake na usukani utatetemeka ukifika 90. Dawa ni pete ya kuziba nafasi hiyo, kitu cha bei ndogo, ila iwe ya kipimo kamili.

Nati ndizo zinazonitia hofu zaidi. Subaru hutumia nyuzi za M12x1.25. Toyota, Honda na Mitsubishi ni M12x1.5. Nati ya Toyota itashika nyuzi mbili tatu za mwanzo kwenye habu yako, fundi ataisukuma na mashine ya upepo, itaingia kwa nguvu, na nyuzi zitakuwa zimekwisha kazi. Anza kila nati kwa vidole. Ikikataa mizunguko mitano ya mkono mtupu, itoe.

Uzito wa mzigo: matairi ya 225/45R17 mengi yana namba 91, yaani kila moja hubeba kilo 615. Usishuke chini ya ile iliyoko kwenye kibandiko cha mlangoni. Ukienda 235/40R18 chukua ya 95, kilo 690. Herufi ya kasi iwe W au Y; ukiona H kwenye tairi la gari hili, muuzaji ameokota tairi la gari la familia. Umri wa tairi uko kwenye namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la Pwani hulikausha tairi hata likiwa limekaa dirishani mwa duka, kwa hiyo tairi jipya la miaka mitano mimi siliiti jipya.

Na hizo rimu za mtindo wa TE37, ukipata zenye vipimo nilivyokupa, zigeuze kwanza utazame upande wa ndani. TE37 halisi hufuliwa kwa shinikizo, si kumiminwa. Nakala nyingi humiminwa, na uzito wake utausikia mkononi. Tafuta JWL na VIA, alama za Kijapani za kuonyesha rimu imepimwa uimara, ingawa alama peke yake isikulaze, maana anayeiga umbo anaweza kuiga na alama. Pitisha tochi kwenye ukingo wa ndani kote: ndiko nyufa huanzia na ndiko rimu huchomelewa. Rangi mpya upande wa ndani wa rimu iliyotumika, wakati nje kuna mikwaruzo, inataka maelezo. Kisha iwekwe kwenye mashine ya balansi izungushwe bila tairi, na wewe ukiwa umesimama pale. Ikicheza, irudishe.

Kabla hujatoa pesa, omba uifunge rimu moja tu yenye tairi, mbele kisha nyuma. Nunua plastisini ya watoto, bandika donge kwenye shokapu ya mbele mahali palipo karibu zaidi na tairi, na lingine ndani ya ukingo wa fenda. Shusha gari chini, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, wenzako wawili wakandamize pembe ile ya gari, kisha pandisha uangalie. Donge lililobonyezwa likabaki na unene chini ya milimita 4, rimu hiyo si yako. Nyuma fanya vivyo hivyo, ila watu wakae ndani kwenye siti.

Siku utakapozifunga, nati zikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, kwa mpangilio wa nyota, na uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100. Alaimenti ifanywe upya. Bima waambie umebadilisha rimu, tena kwa maandishi. Zile za kiwandani usiziuze, hata akija mtu na bei tamu: osha, funga kwenye magunia, weka darini. Siku moja rimu ya nje itapinda kwenye shimo la Mackinnon Road, na hapo utahitaji nne zinazolingana uendelee kutumia gari wakati ile moja inatafutiwa mwenzake.